Zahanati ya kijiji: tusubiri wafadhili au tuendelee kuchanga?

Ndugu zangu tunaochangia kijiji chetu kutoka ughaibuni,

Mwenzetu aliyeuliza kama tusubiri mradi wa wafadhili uje kumalizia zahanati ameuliza jambo zito, na naomba nilijibu kwa kirefu kidogo.

Msaada wa nje kwa Visiwa vya Komoro haujawahi kufuata shida za wagonjwa peke yake. Tulipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa, iliyobaki na kisiwa cha Maore (Mayotte), ilikata fedha na kuwaondoa wataalamu wake. Msaada ulirudi baada ya Rais Ali Soilih kupinduliwa na mamluki wa Mfaransa Bob Denard mwaka 1978. Mwaka 2018 serikali yetu ilikataa kuwapokea watu waliofukuzwa Maore, Ufaransa ikasimamisha viza, kisha Julai 2019 ukatiwa saini mkataba wa euro milioni 150 kwa miaka 3, Komoro ikiahidi ushirikiano katika suala la wahamiaji. Sibezi fedha hizo, maana afya na elimu zimo ndani yake. Lakini mtoaji ana haja yake, na siku haja hiyo ikibadilika, zahanati yetu itabaki kuta zisizo na paa, nondo zikiota kutu juu ya nguzo.

Kwa hiyo tuendelee kuchanga, ila tusijidanganye kwamba fedha zetu hazina siasa. Zinazotumwa na walio ughaibuni zimekaribia sehemu moja ya tano ya pato la taifa katika miaka ya karibuni, na kila tunapolipa mwalimu au kujenga barabara tunaiondolea wizara mzigo bila kuidai chochote. Daftari la mhazini wetu linaonyesha kila mfuko wa saruji, bei yake, na sahihi ya aliyeupokea bandarini Moroni. Sisi kwa sisi tunadaiana risiti hata ya nauli ya lori (na ni haki kabisa), lakini hakuna aliyewahi kuiuliza wizara ya afya nani atamlipa muuguzi mlango ukishafunguliwa.

Napendekeza fedha za paa zisitumwe mpaka tupate barua ya wizara inayotaja muuguzi, mshahara wake na dawa, na isomwe hadharani kwenye bangwe, uwanja wa mikutano wa kijiji, mbele ya wazee na akina mama. Rasimu ya maombi nitaileta kwenye kikao cha Jumapili.