Naomba ushauri: seva ya Windows NT 4.0 bado inafanya kazi, naogopa kuizima

Wandugu, habari za leo. Niko Lubumbashi, kazi ya kompyuta naifanya tangu enzi za NetWare 3.12, mfumo wa zamani wa seva za kutunza faili, tulipokuwa tunaandika amri ya LOAD MONITOR kwenye skrini nyeusi na seva inakaa miezi bila kuguswa. Niliipenda sana ile mashine. Haikuwa na madoido, ilitunza faili tu, na ilizitunza vizuri.

Sasa kuna depo moja hapa Kamalondo, mzee mwenyewe ananiamini kama mtoto wake. Hesabu zake zote ziko kwenye Windows NT 4.0, mfumo wa mwaka 1996 ambao Microsoft iliacha kuuhudumia mwisho wa 2004. Wiki hii diski imeanza kulia: tak, tak, kimya, tena tak. Nikiweka mkono juu ya kasha nausikia mtetemo.

NT 4.0 yenyewe haitambui USB, kwa hiyo flashi haisaidii, na disketi ya MB 1.44 itachukua nini? Kadi ya mtandao ingali nzima. Nawaza kwanza kunakili faili za hesabu kupitia mtandao mashine ikiwa imewaka, halafu ndipo niizime, niitoe diski ile ya SCSI (aina ya zamani ya kuunganisha diski, inayohitaji kadi yake) na kuinakili yote kwenye kompyuta yenye Linux.

Ila diski za umri huu zikishapoa mara nyingi haziamki tena, na umeme wetu mnaujua. Aliyewahi kuhamisha NT 4.0 kwenye mashine pepe (kompyuta ya programu tu, inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine), alianzia wapi? Na kadi ya SCSI naweza kuazima kwa nani hapa mjini?