Dawa ya usingizi imezimwa tangu juzi ila mzee haamki, figo zinahusikaje?

MtotoWaKwanza: Wakuu habari za jioni, naomba mwenye uelewa. Mzee wangu figo zimefeli, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, wiki ilopita nimonia ikamzidi wakamuweka ICU kwenye mashine ya kupumulia na dawa ya usingizi inaitwa midazolam ikawa inaingia taratibu kwa pampu. Juzi asubuhi wameizima ili aamke lkn mpaka leo namshika mkono namwita baba, kimya, kope zinacheza tu basi. Daktari kasema ni figo. Sasa figo na usingizi wapi na wapi?? Shangazi ashaanza kupigia ukoo simu.

SistaWaZamu: Pole sana kaka. Daktari hajakudanganya. Midazolam inavunjwa na ini, ila mabaki yake yanatoka kwa mkojo, na mzee mkojo ndo hana. Na hayo mabaki nayo yanalaza. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet 1995, wagonjwa 5 wenye figo zilizofeli vibaya waligoma kuamka kama mzee, wakachomwa flumazenil (inazuia dawa za jamii hiyo) wote wakazinduka palepale. Damu ilivyopimwa midazolam yenyewe ilikuwa imeshashuka, mabaki ndo yamejaa. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya dawa yenyewe ila yakirundikana ndo hivyo tena

Jembe_Butu: sasa si wamchome hiyo flumazenil leoleo wanasubiri nini

SistaWaZamu: @Jembe_Butu taratibu mkuu. Ile inaisha mwilini haraka, mtu anaamka anaongea na nyie baada ya saa moja hivi anazama tena, na kama alikuwa anatumia diazepam (nayo ni ya jamii hiyohiyo) nyumbani siku nyingi anaweza kupata degedege. Halafu wagonjwa 5 ni wachache, mi nisingekimbilia kusema ni dawa tu. MtotoWaKwanza uliza kama wamepima sukari na kama kichwa kimepigwa CT (ile picha ya kuangalia ndani ya ubongo), kiharusi nacho kinalaza

Mama_Tunu: Mdogo wangu naye ana figo, yeye walimpa ile nyeupe kama maziwa, propofol, alizinduka mapema tu. Ila presha ilishuka sana, tulikoma siku hiyo

MtotoWaKwanza: Asanteni. Nimemkuta daktari wa zamu, sukari iko sawa, CT kesho saa 2 halafu anaenda kusafishwa damu. Shangazi nimemwambia aweke simu chini kwanza.