Fainali ya Simba na Berkane: kombe tulilipotezea wapi?

Mdau wa Kiboriloni, Moshi:
Ndugu zangu, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya Mei 2025 bado inaniuma, kwa kuwa Simba ilifika huko kwa haki kabisa, ikafungwa 2-0 mjini Berkane, Morocco, kisha ikatoka sare ya 1-1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Je, tatizo lilikuwa Morocco, au kadi nyekundu ya kiungo wetu Yusuph Kagoma kule Zanzibar?

Mdau wa Sakina, Arusha:
Kaka, ni Morocco. Mabao yote mawili yaliingia ndani ya robo saa ya kwanza, kabla vijana hawajatulia.

Mdau wa Njiro, Arusha:
Naheshimu hoja hiyo, lakini siikubali yote. Joshua Mutale alifunga dakika ya 17 tu ya mchezo wa marudiano, na kuanzia hapo lilihitajika bao moja kusawazisha jumla ya matokeo. Kagoma alipotolewa mwanzoni mwa kipindi cha pili, viungo waliobaki walilazimika kukaba na kushambulia kwa wakati mmoja, jambo linalomaliza pumzi ya timu yoyote, na Berkane wakasawazisha katika dakika za nyongeza.

Mdau wa Kiboriloni, Moshi:
Nimekuelewa, ndugu yangu. Hata hivyo, bila lile deni la mabao mawili, Simba ikiwa pungufu ingeweza kurudi nyuma na kulinda bao la Mutale. Kwa deni lile, haikuwa na ruhusa hiyo.