Nguvu za kiwandani au nafasi ya kuongeza: Hellcat, Camaro ZL1 au Mustang GT yenye supachaja?

KijanaWaMakupa (Houston, Texas)

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Houston, naendesha lori la masafa marefu, na hatimaye nimepata akiba ya kununua gari la misuli la kwangu mwenyewe. Nina dola 48,000, na kiasi hicho lazima kitoshe gari pamoja na chochote nitakacholifanyia katika mwaka wa kwanza.

Nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni kununua nguvu ambazo kiwanda kimekwisha kuziweka: Dodge Challenger SRT Hellcat iliyotumika, yenye nguvu za farasi 707, au Chevrolet Camaro ZL1 yenye 650. Ya pili ni kununua Mustang GT ya 2018 au 2019, ambayo kiwandani ilitoka na 460, kisha kuifunga supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Rafiki yangu anasema anayenunua Hellcat analipia jina tu, kwa kuwa Mustang ya bei nafuu ikifungwa supachaja hufika 700, na bado huwa nyepesi mno kuliko hiyo Dodge. Nimepiga hesabu mwenyewe na sikuona alipokosea: Hellcat ina karibu kilo 2,020, Mustang GT karibu 1,680.

Ninachotaka kujua ni kama farasi 700 waliotoka kiwandani na farasi 700 waliotoka gereji ni kitu kimoja, na kama sivyo, tofauti iko wapi hasa. Sitashindana kwa fedha. Nitakwenda kukimbia robo maili mara chache kwa mwaka, kwenye uwanja rasmi, na siku zilizobaki gari litanipeleka kwenye shughuli zangu katika joto la Agosti na foleni za barabara ya I-45. Habari ya kulisafirisha nyumbani nimekwisha kuiondoa mawazoni, kwa sababu Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto.

FundiWaSpana (Dayton, Ohio)

Kaka wa Makupa, hesabu ya rafiki yako ni sahihi kwa farasi na kwa kilo, ila ameisahau mashine yote inayoizunguka injini, na hapo ndipo fedha nyingi huishia.

Tazama kile Dodge yenyewe ilichofanya ilipotaka kutoka kwenye farasi 485 wa Challenger Scat Pack hadi 707 wa Hellcat. Kwa macho, gari ni lile lile. Lakini injini ya Scat Pack, ya lita 6.4, ina uwiano wa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni huibana hewa ndani ya silinda) wa 10.9 kwa 1 na pistoni za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu, ambazo hufanya kazi vizuri kabisa mpaka siku utakapozisukumia hewa ya supachaja. Ile ya Hellcat ni ya lita 6.2, mgandamizo wake umeshushwa hadi 9.5 kwa 1, pistoni na kranki (shafti kuu ya injini) zimefuliwa kama mhunzi afuavyo chuma, hivyo ni imara zaidi, bloku limeimarishwa, na giaboksi ya otomatiki imebadilishwa kutoka 8HP70 kwenda 8HP90 iliyo nzito zaidi. Breki za mbele ni za Brembo zenye pistoni sita. Supachaja yenyewe, kwa maelezo ya Dodge, hula takriban farasi 80 kutoka kwenye kranki ili izunguke tu, kwa hiyo injini hubeba mzigo mkubwa kuliko hiyo 707 unayoisoma kwenye karatasi. General Motors nao walipoitoa Camaro kutoka SS ya farasi 455 kwenda ZL1 ya 650, walifunga vipoza joto 11 katika gari moja. Hakuna mnunuzi wa gereji anayeanza na vipoza joto, kwa sababu havionekani kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu za gari.

Sasa hesabu Mustang yako. Seti nzuri ya supachaja, pamoja na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja), noza na programu ya kompyuta ya injini, hukaa kati ya dola 8,000 na 10,000 kabla ya ufundi. Ukichukua ya giaboksi ya mkono, klachi ya kiwandani ndiyo itakayolalamika kwanza. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wa vifaa hulisema kwa sauti ndogo: injini hii ya lita 5.0, inayoitwa Coyote, ina gia za pampu ya oili zilizotengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa, na zinajulikana kupasuka pale injini yenye supachaja inapozungushwa hadi mwisho wa geji, hasa ikigonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara. Gia za chuma kamili zinapatikana na bei yake si ya kutisha, lakini kuzifikia ni lazima uvue kifuniko chote cha mbele cha injini, na saa hizo za ufundi utazilipa.

Tena, usichanganye nguvu lilizonazo gari leo na nafasi iliyobaki ya kuongeza. Watu hudhani Hellcat imekwisha kufika mwisho kwa kuwa imeuzwa ikiwa na nyingi. Kinyume chake, kwa kuwa sehemu za ndani zimejengwa kwa akiba, puli ndogo ya juu, noza kubwa na mafuta ya E85 (mchanganyiko wenye ethanoli nyingi) huiongezea farasi wengi bila kufungua injini, ingawa tangu 2015 kompyuta ya injini ya Dodge imefungwa na ni lazima ifunguliwe au ibadilishwe kabla fundi hajaigusa programu. Kiwanda chenyewe kimeonyesha ngazi hiyo kwa matoleo ya juu ya Challenger: Redeye ikapewa supachaja ya lita 2.7 badala ya 2.4 na kufika 797, Demon ya 2018 ikafika 840 kwa petroli ya mashindano, na Demon 170 ya 2023 ikafika 1,025 kwa E85, japo hiyo ya mwisho ilibadilishwa mengi hadi ndani kabisa. ZL1 ni kinyume. Supachaja yake ni ya lita 1.7 tu, na ukiizungusha kwa kasi zaidi kwa puli ndogo huanza kukupa joto kuliko hewa. Ni gari bora kabisa kama lilivyo, na ukitaka kulipeleka mbali utajikuta unanunua supachaja nyingine juu ya ile uliyokwisha kuilipia.

GiaYaMkono (Aurora, Colorado)

Namheshimu FundiWaSpana, na vifaa alivyovitaja ni vya kweli, lakini amevipangia bei kana kwamba vyote vinahitajika siku ya kwanza. Nina Mustang GT ya 2018 yenye supachaja kwa mwaka wa tatu, na naomba niseme kutoka kwenye kiti cha dereva.

Injini hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 ilipata mgandamizo wa 12 kwa 1 na mifumo miwili ya noza, mmoja ukipuliza moja kwa moja ndani ya silinda na mwingine kwenye njia ya hewa. Kwenye karatasi, mgandamizo wa juu namna hiyo hautakiwi kukaa pamoja na supachaja. Kwa vitendo, petroli inayopulizwa ndani ya silinda huipoza hewa, na mtu asiye na tamaa, anayetumia shinikizo la wastani na programu ya tahadhari, huendesha kwa miaka bila kufungua kitu. Mimi sikugusa pistoni. Klachi nilibadilisha, hilo nakiri. Pia zipo seti zinazouzwa chini ya jina la Ford Performance ambazo huja na waranti yake zikifungwa na fundi anayekubalika, kwa hiyo si kweli kwamba kila anayeongeza nguvu anatembea bila mwavuli.

Huku kwetu kuna sababu nyingine. Eneo la Denver liko mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 17, na gari lisilo na supachaja wala tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi) hupoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu. Zile 460 nilizonunua zilikuwa karibu 380 siku niliyofika nazo nyumbani. Ndugu zetu wa Nairobi, walio juu kidogo kuliko sisi, wanaifahamu hasara hii hata kwa gari la lita 1.5.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Makupa, tahadhari na karatasi za daino. Kwanza, kiwanda hupima kwenye kranki, gereji hupima kwenye magurudumu, na kati ya hapo giaboksi na difu hula takriban asilimia 15. Pili, daino nyingi husahihisha tarakimu ili zifanane na za usawa wa bahari, na sahihisho hilo huzidi kiasi kwa injini yenye tabo, kwa kuwa tabo yenyewe imekwisha kufidia sehemu ya hewa iliyokosekana. Ukionyeshwa karatasi ya gari lililopimwa milimani, uliza kama imesahihishwa kabla hujatoa fedha.

Kosa langu mwenyewe nalitaja bila aibu. Nilipokea programu iliyoandikwa kwa petroli ya oktani 93 (kipimo cha petroli kustahimili kugonga ndani ya injini), na pampu za huku hukomea 91. Kwa ubahili wa dola chache sikulipia programu ya pili, nikaenda hivyo mwezi mzima, mpaka jioni moja nikipanda mlima nikasikia injini inagonga kama kokoto kwenye debe. Niliondoa mguu papo hapo na injini ilisalimika. Kompyuta ilikuwa imerudisha nyuma muda wa kuwasha cheche siku zote hizo, kwa hiyo nilikuwa nimelipia farasi 700 na kuendesha pungufu kwa kiasi kikubwa.

BaharaWaMatrah (Maskati, Oman)

Assalaam alaykum. Huku Challenger na Mustang ni nyingi, na jambo la oktani alilosema ndugu wa Colorado kwetu lina mtego wa ziada. Namba 93 ya Marekani haipimwi kama yetu: wao huchukua wastani wa vipimo viwili, sisi tunatumia kimoja tu kati ya hivyo, kiitwacho RON. Hiyo 93 yao inalingana na karibu 98 yetu, na petroli ya 95 inayouzwa huku ni sawa na 90 au 91 yao. Wapo vijana walioagiza programu mtandaoni wakaandika "tunatumia 95", na aliyeitengeneza akafurahi kwamba wana petroli nzuri kuliko yake.

Hata hivyo, Houston ina joto na unyevu kama kwetu, na hilo ndilo ningelitazama kwanza. Supachaja huikandamiza hewa, na hewa iliyokandamizwa huchemka. Gari linaloonyesha nguvu kubwa kwenye daino, likiwa limepumzika na feni limewekewa mbele, si gari lile lile baada ya dakika 40 za foleni, kwa sababu maji ya intakula yamekwisha kupata moto na kompyuta imeanza kupunguza cheche ili kuilinda injini. Dodge waliijua habari hii. Demon ya 2018 walielekeza gesi ya kiyoyozi ipoze maji ya intakula. Ukichagua njia ya Mustang, nunua kipoza joto kikubwa na pampu bora ya maji ya intakula kabla ya kufikiria puli ndogo.

KijanaWaMakupa (Houston, Texas)

Shukrani nyingi, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Jana nilipiga simu kuulizia bima, na Hellcat imenivunja moyo. Nimekuta pia kwamba taasisi ya HLDI, inayochambua madai ya bima, ilieleza mwaka 2023 kwamba Charger SRT Hellcat za 2020 hadi 2022 zina uwezekano wa kuibiwa zaidi ya mara 60 ya wastani wa magari mapya. Challenger si Charger, lakini wakala hakutofautisha sana.

Limebaki swali moja. Kaunti yetu ya Harris bado inapima moshi kila mwaka. Je, Mustang yenye supachaja itapita?

FundiWaSpana (Dayton, Ohio)

Nunua seti yenye namba ya idhini ya CARB, ile bodi ya hewa ya California, hata kama huishi California. Namba hiyo maana yake ni kwamba seti imepimwa na kuruhusiwa kwa modeli na mwaka uliotajwa, na ukiwa nayo maswali hupungua popote. California tangu Julai 2021 huangalia hata programu iliyomo ndani ya kompyuta ya injini, na kama siku moja utahamia huko utanishukuru. Usiondoe vichujio vya ekzosi kwa ushauri wa mtu yeyote. Sheria ya shirikisho inakataza, na faida yake kwa injini hii ni ndogo kuliko kelele zake.

Ndugu wa Colorado amenirudisha nyuma kidogo, na kwa matumizi yako namkubalia. Kwa dola 48,000, chukua GT ya 2018 au 2019 ya otomatiki ambayo haijaguswa na mtu, iendeshe mwaka mzima na farasi wake 460, upeleke uwanjani mara mbili au tatu kwenye matairi mazuri, na fedha inayobaki iache benki. Supachaja ifuate ukiwa umejua gari linapoteza wapi. Gari lililokwisha kuongezwa nguvu na mwingine usiliguse hata likiwa na karatasi kumi za daino, maana hujui liligonga kikomo cha mizunguko mara ngapi.

Na kama moyo bado unaivuta Hellcat, siku ya kuijaribu omba ufunguo mwekundu. Gari hilo hutoka kiwandani na funguo za rangi mbili, na ule mweusi huifunga injini kwenye farasi 500. Muuzaji mwoga atakupa mweusi, nawe utarudi nyumbani ukidhani umeionja 707.