Naomba ushauri: friza la barafu linazima mara kwa mara

Muuza Barafu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Pemba, upande wa kaskazini, si mbali na diko la Tumbe. Nauza barafu za mifuko kwa wachuuzi wa samaki. Friza langu kubwa, lile la mfuniko wa juu, linazima mara kwa mara. Linanguruma, linanyamaza, ukitia mkono nyuma pale chini unakuta moto wa kuunguza, kisha baada ya nusu saa linawaka lenyewe. Juzi mifuko 60 imeyayuka na mchuuzi kanambia maneno mbele za watu ambayo sitayaandika hapa. Fundi mmoja kanambia tatizo ni "masafa". Mwengine kasema umeme wa Pemba ni mdogo, ninunue stebilaiza. Nauliza mawili. Masafa ni kitu gani? Na kitu kikizima mara ngapi ndiyo mtu ana haki ya kumrudishia aliyemuuzia? Usiku silali, nalisikiliza friza kama mtu anayeuguza mtoto.

Yakhe wa Wete
Wa alaykumu salaam. Yakhe, masafa ni umbali. Wete hadi Mkoani ni masafa. Huyo fundi bila shaka alikusudia waya wako ni mrefu kutoka kwenye nguzo. Mimi nyumba yangu ni ya mwisho kwenye laini, taa zikifika saa moja usiku zinakuwa kama koroboi. Nimehangaika miaka miwili mpaka nikaletewa nguzo karibu. Fuatilia nguzo.

Mwalimu wa Hesabu
Yakhe hajakosea kwa Kiswahili cha kawaida, masafa ni umbali, na neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Redioni ndiko lilikogeuka. Tulizoea kusikia "masafa mafupi", "masafa ya kati", na pale walikuwa wanataja urefu wa wimbi, umbali wa kutoka kilele hadi kilele. Baadaye neno likabebeshwa na idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja, ambayo wengine huiita frikwensi. Ni vitu viwili vinavyokwenda kinyume: wimbi likiwa fupi, idadi inakuwa kubwa. Kituo cha FM cha megahezi 100 wimbi lake lina mita 3 tu.
Hezi 1 ni mara moja kwa sekunde. Jina ni la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyezaliwa 1857, aliyethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya redio yapo. Alifariki 1894 akiwa na miaka 36, hata redio ya kusikiliza habari hakuiwahi.

Nahodha Mstaafu
Mwalimu anakwenda mbali. Kijana, wewe mtu wa pwani, masafa hayo unayaona kila siku. Maji hujaa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku yanachelewa kama dakika 50, na kijana asiyejua hesabu hiyo anakuta dau limekaa juu ya matope. Bamvua, yale maji makubwa, nalo mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, mwezi mpevu na mwezi mchanga. Jambo lenye kurudi lina muda wake wa kurudi. Bahari inahesabiwa kwa siku, umeme unahesabiwa kwa sekunde. Nilipokuwa na miaka kumi na sita baba alinipa mimi kazi ya kuyaangalia maji Kojani, nikalala, basi siku ile...ni hadithi ndefu, nitaileta siku nyengine.

Bint Mkoani
Shikamooni wazee. Kaka Muuza Barafu, mimi naomba jambo moja tu. "Mara kwa mara" ni mara ngapi? Mama mkwe wangu huwaambia watu mimi naenda kwetu "kila siku". Mwaka jana nikaanza kutia alama kwenye kalenda. Ikawa mara mbili kwa mwezi. Nilipomuonesha alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi naiona kila siku." Na wallahi hakuwa anasema uongo, ndivyo anavyohisi. Kwa hiyo hesabu kwanza.

Muuza Barafu
Nimehesabu, dada yangu. Mke wangu anachora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Mistari minne, wa tano anaukata. Ni mara 11. Mwalimu, mara 11 ni nyingi au si nyingi?

Mwalimu wa Hesabu
Mara 11 katika siku ngapi? Hapo ndipo wanafunzi wangu wote walipokuwa wanaanguka. Idadi ya marudio peke yake haina maana mpaka uigawe kwa nafasi zilizokuwepo. Mara 11 kwa miaka kumi, lishukuru friza lako. Mara 11 kwa wiki mbili, lishakufa hilo.

Muuza Barafu
Mwezi hivi.

Fundi Koili
Hebu acheni hesabu kidogo. Kaka, nyuma ya friza, karibu na kompresa, ile mashine ya chini inayonguruma, pana kibati au stika. Inasemaje? Na friza limetoka wapi?

Muuza Barafu
Limetoka nje, si la hapa. Ni zima kabisa, rangi haijachubuka. Sioni stika inahusu nini. Mimi nimeuliza kuhusu kurudisha.

Fundi Koili
Inahusu ndugu yangu. Kaiangalie.

Mama Karafuu
Na aliyekuuzia ni nani? Mtu haulizi "nirudishe au nisirudishe" siku tatu kama muuzaji ni wa dukani.

Muuza Barafu
Haya, nitasema. Stika ina vumbi la chumvi, nimeifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Imeandikwa 220V, chini yake 60Hz. Limetoka Jeddah. Aliyeniuzia ni shemegi yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi huko na hutuma vitu kwa kontena. Na pesa, Mama Karafuu, ni za mke wangu. Zamu yake ya upatu. Msinihukumu, alinipa kwa ridhaa yake.

Mama Karafuu
Alikupa kwa ridhaa, na wewe umemuweka baina ya mume na kaka yake bila ya yeye kukaa kwenye mazungumzo. Mali ya mke ni ya mke, hilo sote tumefundishwa chuoni tukiwa wadogo. Yeye ndiye anayesimama nyuma ya mlango na mkaa. Umemuuliza anataka nini? Sisi nyumbani tuna friza la Maskati, mwaka wa nane huu halijatusumbua.

Fundi Koili
La Maskati haliwezi kukusumbua kwa sababu hii, mama. Oman umeme wao ni hezi 50 kama wetu. Saudia ni 60, na hayo ndiyo masafa aliyoyataja yule fundi. Umeme wa nyumbani unageuka mbele na nyuma, kwetu mara 50 kamili kwa kila sekunde, kwao mara 60. Mota ya kompresa inafuata mwendo huo. Iliyotengenezwa kukimbilia mizunguko 3,600 kwa dakika kwenye 60, kwetu inakimbilia 3,000. Imepoteza moja ya sita ya mwendo, basi inabaridisha polepole na inafanya kazi muda mrefu zaidi. La pili ndilo baya: ukiipa volti zile zile kwa hezi pungufu, chuma cha ndani kinashiba sumaku, koili inavuta umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, inapata moto. Pana kidude kinaitwa overlodi, kikiona joto kimezidi kinakata. Kikipoa kinarudisha. Hiyo nusu saa yako ni hicho. Kinakuokolea kompresa, usije ukashawishiwa kukitoa.
Stebilaiza haitakusaidia kwa hili, inarekebisha volti tu. Na habari ya kwamba umeme wa Pemba ni mdogo, kwa upande wa hezi si kweli. Tangu 2010 tunaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Volti inaweza kushuka kwa Yakhe mwisho wa laini, lakini hezi ni zile zile gridi nzima, Tanga na Konde sawasawa.

Mtu wa Konde
Fundi, umenifumbua macho leo. Marehemu mama aliletewa saa ya mezani ya umeme kutoka huko huko Jeddah, ya kuchomeka ukutani, namba zinawaka nyekundu. Ilikuwa inachelewa dakika kumi kila saa. Kila saa! Mama anaitegesha Alfajiri, ikifika adhuhuri jirani wanatoka msikitini na yeye bado hajatia udhu. Tuliwapa mafundi watatu, wote wakasema nzima. Ilikuwa inahesabu 60 ndiyo sekunde, na sisi tunaipa 50. Dakika 50 kwa kila saa. Miaka kumi na tano nimekuwa nikidhani saa ile ilikuwa na shetani.

Muuza Barafu
Nimesoma yote. Lakini 60 si kubwa kuliko 50? Basi mashine ina nguvu zaidi, haina haja ya kuhofia umeme mdogo. Na siku nyingi tu halizimi. Shemegi ni mtu wa swala tano, hawezi kuniuzia kitu kibovu. Tena bei yake nusu ya dukani. Na kusema kweli la pili lishakuwa njiani, nimeshampa nusu ya pesa.

Mama Karafuu
La pili!

Fundi Koili
Shemegi wako hana kosa la uongo, huko kwao linafanya kazi vizuri sana. Ni sawa na mtu mwenye mguu namba 9 kununuliwa kiatu namba 8. Kiatu kizima, mguu mzima.

Msomaji wa Usiku
Mimi nasema hii hadithi ni ya kutunga. Soma tangu juu. Mwanzo linazima "mara kwa mara", sasa "siku nyingi halizimi". Mara shemegi, mara upatu, mara Jeddah, kila akibanwa anatoa kipya. Na angalieni alichouliza: masafa ya redio mmemjibu, umeme mmemjibu, marudio ya hesabu mmemjibu. Huyu ni mwanafunzi wa skuli ana kazi ya nyumbani, "eleza maana tatu za neno", na nyinyi mmemuandikia.

Yakhe wa Wete
Hata mimi niliona mkaa nyuma ya mlango ni kama mchezo wa redioni.

Bint Mkoani
Kwetu bibi yangu alikuwa akihesabu pishi za karafuu hivyo hivyo kwa mkaa. Mtu mwenye haya anatoa maneno kidogo kidogo, si lazima awe muongo. Lakini kaka, hilo la mara 11 na "mwezi hivi" lisafishe.

Nahodha Mstaafu
Akiwa mwanafunzi, basi amesoma. Hasara iko wapi?

Muuza Barafu
Imeniuma, sitaficha. Nimekwenda nyuma ya mlango na tochi na mke wangu tumekaa chini kuhesabu pamoja. Haya ndiyo ya kweli. Si mwezi, ni siku 42. Na si mara 11. Mistari miwili mke wangu aliichora siku umeme ulipokatika mtaa mzima, yeye alikuwa anaandika kila friza likinyamaza. Kwa hiyo friza lenyewe limezima mara 9. Na kanikumbusha jambo ambalo mimi sikuliona: limezima siku tunazolijaza. Giza la mwezi likiingia na vibua vikipatikana kwa wingi, tunatia maji mifuko mpaka juu. Siku kama hizo zilikuwa 14, na limezima mara 8. Siku 28 zilizobaki tuna maji ya kunywa tu, limezima mara 1.

Mwalimu wa Hesabu
Ahsante sana, na umfikishie mkeo salamu zangu. Kwanza amekufundisha kuamua unahesabu nini kabla ya kuhesabu: kuzima kwa friza au kukosekana kwa umeme. Pili, tazama. Mara 9 kwa siku 42 ni kama siku moja katika kila tano, na mtu anaweza kusema anavumilia. Lakini hiyo ni namba iliyochanganya siku mbili tofauti. Siku za kujaza ni 8 kwa 14, zaidi ya nusu. Siku za mzigo mdogo ni 1 kwa 28. Na siku za kujaza ndizo unazotafutia riziki. Hilo la "siku nyingi halizimi" ni kweli, ila ni siku zisizokuingizia pesa.

Fundi Koili
Na inalingana na ninayoyasema. Mzigo mkubwa, joto kubwa, overlodi inakata. Fanya hivi. Usilijaze, litumie kwa maji ya kunywa tu, na lisogeze mbali na ukuta shibri mbili lipate hewa. La barafu tafuta lenye 50Hz, au lililoandikwa 50/60Hz, hilo linakubali kote kuwili. Usikubali mtu akwambie ulitie kwenye jenereta iliyokazwa mbio ifike 60, volti nayo inaweza kupanda ukaunguza vitu vya nyumba nzima.

Msomaji wa Usiku
Kama ni kweli niwie radhi. Hilo la pili lina stika gani?

Muuza Barafu
Nimekusamehe. Hilo la pili sijui. Mke wangu ndiye aliyempigia kaka yake, mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Hakukasirika, kasema huko hakuna anayeangalia hizo namba. Bado liko kwenye ghala, kontena halijafungwa. Sasa hivi katuma picha ya stika. 220V inaonekana. Chini yake kaweka kidole gumba.

Fundi Koili
Mwambieni akiondoe apige tena.

Muuza Barafu
Tumemwambia. Kaenda kuswali Isha, tunamngoja.