Nimechorwa mstari mwekundu kwa kusema DNA hujinakili kabla ya mitosisi, yaani kabla kiini cha seli hakijagawanyika!

Wanajamvi, naandika mkono ukiwa bado unatetemeka. Yule mwalimu wa Baiolojia mnayemjua nyote, yule wa kalamu nyekundu, leo asubuhi ameinua karatasi yangu mbele ya darasa zima, akalipitishia jibu langu mstari mrefu kama Reli ya Kati, kisha akatamka: "DNA hujinakili katika profezi. Kaa chini." Yaani katika hatua ya kwanza ya mitosisi yenyewe!

Nilikuwa nimeandika kwamba hujinakili katika kipindi cha S, ndani ya intafezi (muda ulio kati ya mgawanyiko mmoja wa seli na mwingine), baada ya kipindi cha ukuaji kiitwacho G1 na kabla ya kile kiitwacho G2, wakati kromosomu zingali nyuzi nyembamba zisizotambulika moja moja kwa darubini. Wanasayansi Alma Howard na Stephen Pelc walilionyesha hilo huko London mwaka 1953, walipoilisha mizizi ya maharage fosforasi nururifu wakakuta inaingia kwenye DNA wakati wa intafezi. Leo hii naambiwa nikae chini! Kama DNA husubiri profezi, zile kromatidi mbili (nakala mbili za kromosomu moja) zilizoshikana kwenye sentromia, ile sehemu inayoziunganisha, alizotuchorea ubaoni profezi inapoanza, zimetoka wapi? Alizichora kwa mkono uleule uliochora ule mstari.

Mzee wa Darubini: Alama mbili tu unalia kama uliyefiwa? Seli ya binadamu inayojigawa kwa saa 24 hutumia takriban saa nane katika kipindi cha S na saa moja hivi katika mitosisi nzima. Ungemwambia palepale kuliko kuja kutulilia sisi.

Mleta uzi: Ningemwambia vipi nami nimeamriwa kukaa chini, mbele ya darasa zima?

Mchanga wa Pwani: Afadhali wako. Wangu alitufundisha kuwa intafezi ni mapumziko ya seli. Seli inayonakili jozi za besi, yaani vipande vidogo vinavyounda DNA, zipatazo bilioni sita inapumzika saa ngapi?

Binti Kiini: Wa kwetu alidai kuwa DNA hujinakili tena kati ya miosisi ya kwanza na ya pili, ile migawanyiko miwili inayotengeneza yai na mbegu. Kwa mafundisho hayo, yai na mbegu vingebeba DNA maradufu, na kila kizazi kingezidi kujazana.

Mzee wa Darubini: Hao wote ni wadogo. Wangu alihesabu kromosomu 92 baada ya kipindi cha S, ilhali zinazohesabiwa ni sentromia, nazo hubaki 46.

Mchanga wa Pwani: Huyo wa 92 alinifundisha mimi pia! Bado anafundisha?