Vipimo vya damu vya vitamini na madini: nilipe pakeji nzima ama nichague?

MamaZuu_Kisauni
Asalam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Naomba ushauri kabla sijamwaga pesa. Mimi ni mama wa miaka 38, sukari nnayo natumia metfomini mwaka wa nne huu, na kwa muda sasa nachoka vibaya sana yaani naamka asubuhi mwili mzito utadhani nlikuwa napakua meli usiku kucha. Kigimbi hukaza usiku mpaka nashtuka, nywele zinabaki kwa kitana, na nyayo zinanichonyota haswa nikilala. Hedhi pia siku hizi ni nyingi kuliko zamani.

Sasa juzi kulikuwa na watu wamepiga hema karibu na steji wanasema wanapima afya bure, unashikishwa kichuma mkononi, kompyuta inatoa makaratasi. Yangu ikatoka nimepungukiwa karibu kila kitu, vitamini A, D, E, zinki, seleniamu, kalsiamu, mpaka kolajeni ati. Na hapo hapo nkatolewa makopo ninunue. Nkawaambia ntarudi. Nkapitia maabara moja mjini kuuliza kipimo cha damu, nao wakanipa pakeji ya vitamini na madini yote, bei yake inakaribia kodi yangu ya nyumba wallahi.

Kwa hivo nauliza, ile mashine ya kichuma ni ya ukweli? Na hii pakeji ina maana ama kuna vichache vya kuchagua? Na mamangu naye ana presha, dakta wake kamwandikia UEC, hiyo nayo ndo hizi hizi vitamini ama ni kitu chengine?

KijanaWaTudor
Ya kichuma achana nayo dadangu. Damu hawakutoa, mkojo hawakutaka, sasa hiyo zinki wameionea wapi? Kuna mwana hapa kwetu alishika mara mbili siku moja, ya pili akawapa jina lengine na umri mwengine, karatasi ikatoka tofauti kabisa, ini lilikuwa bovu asubuhi na zima saa nane. Wanachopima ni mfuko wako.

vichupa_na_sirinji
Mama Zuu waleikum salam. Mimi niko maabara miaka mingi, si daktari, kwa hivo haya uyapeleke kwa daktari akuandikie mwenyewe, ila ntakwambia tunavyoona huku nyuma ya dirisha.

Kwanza la mamako maana ni rahisi. UEC si vitamini. Ni yurea, elektrolaiti na kreatinini, yaani figo zinafanyaje kazi na zile chumvi za damu ziko vipi, sodiamu, potasiamu na kloraidi. Mtu wa presha huandikiwa hiyo kwa sababu dawa zenyewe huzichezea. Zile za kukojoza aina ya thayazaidi hushusha sodiamu na potasiamu, halafu kuna nyengine kama losartani, enalapril na spironolaktoni hupandisha potasiamu. Sodiamu kawaida ni 135 hadi 145, potasiamu ni kama 3.5 hadi 5, na hiyo potasiamu ndo tunaiogopa kwa sababu ikienda mbali juu ama chini moyo hupoteza mpigo. Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla ama kuanguka anguka na anameza dawa ya kukojoza, sodiamu ni kitu cha kwanza kutazamwa. Asikose hicho kipimo.

Sasa wewe. Pakeji nzima mimi singelipa. Vitamini E, K, seleniamu, shaba, hizo kwa mtu anayekula chakula cha kawaida na tumbo lake zima hazina swali lolote zinalojibu. Kipimo kizuri ni kile ambacho majibu yake yatabadilisha kitu utakachofanya. Ukipima vitu ishirini, kimoja ama viwili vitatoka nje ya kiwango hata kama huna ugonjwa, kwa sababu viwango vyenyewe vimewekwa viwashike asilimia 95 ya watu wazima wa afya, wale 5 waliobaki si wagonjwa. Utatoka na wasiwasi na kopo.

Kwa ulivyojieleza lililonishtua mimi ni metfomini na nyayo. Metfomini ikitumika miaka hupunguza B12 mwilini, hilo linajulikana, mpaka huko Uingereza mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa iliwaandikia madaktari wawapime wagonjwa wenye dalili. Na B12 ikipungua huleta uchovu, ganzi, kuchonyota nyayo. Shida ni kuwa sukari yenyewe pia huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, kwa hivo usipopima B12 utaambiwa ni sukari tu basi, na hapo mtu anakaa na kitu kinachotibika. B12 chini ya 200 (pikogramu kwa mililita) imepungua, 200 hadi 300 ni katikati, daktari huenda akataka kipimo chengine. Na usikubali kupewa asidi ya foliki peke yake kabla B12 haijajulikana, kiwango cha damu kinaweza kupanda uonekane umepona huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika.

Halafu hedhi nyingi, uchovu na nywele, hapo ni hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe za damu, pamoja na feritini. Feritini ndo akiba ya madini ya chuma. Hemoglobini inaweza kuwa sawa na akiba imeshaisha. WHO huhesabu chini ya 15 kuwa imeisha kwa mtu mzima asiye na maambukizi, ila madaktari wengi hushtuka hata ikiwa chini ya 30. Usipime ukiwa na homa ama umetoka malaria sasa hivi kwa sababu feritini hupanda mwili ukipigana, utaambiwa uko sawa na huko sawa.

Ongeza kipimo cha tairodi, ile tezi ya shingoni, kinaitwa TSH, maana uchovu na nywele ndo mlango wake, na ile HbA1c ya sukari ya miezi mitatu. UEC fanya pia, wewe una sukari. Kwa kigimbi daktari anaweza kuongeza kalsiamu na magnesiamu lakini nikwambie ukweli, wengi wenye kigimbi cha usiku vipimo vyao hutoka safi. Na magnesiamu iliyoko kwenye damu haifiki hata asilimia moja ya iliyoko mwilini, nyengine iko kwenye mifupa na misuli, kwa hivo ikitoka kawaida si kwamba mwili umeshiba.

Binti_Mji_wa_Kale
Nakubaliana na mengi lakini vitamini D umeipita kama hukuiona 😅 Mimi navaa buibui, kazi yangu ni ofisini kuanzia saa mbili, nikitoka jua limelala. Nlikuwa naumwa mifupa, mgongo na mapaja, kupanda ngazi ni kushika ukuta. Kila mtu alinambia wewe uko Mombasa utakosaje vitamini D na jua hili linalokaanga mayai. Kupima ilitoka 9. Nkapewa dozi ya kila wiki, kwa miezi kadhaa nkaweza kuchuchumaa tena. Jua liko nje, mimi niko ndani, litanifikia vipi?

vichupa_na_sirinji
Dada umenikamata vizuri. Wewe ulikuwa na dalili, kupima ilikuwa haki yako. Ninachokataa ni kumpima kila mtu anayepita. Hata Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, kwenye mwongozo wao wa 2024 walisema mtu mzima asiye na shida hana haja ya kupimwa vitamini D hivi hivi tu. Mama Zuu kama mifupa inamuuma ama misuli ya mapaja imelegea aongeze, kama ni uchovu peke yake asianzie hapo.

Na muangalie kipimo kimeandikwaje jamani, maabara nyengine hutumia nanogramu kwa mililita na nyengine nanomoli kwa lita. 20 ya nanogramu ni sawa na 50 ya nanomoli. Kuna mtu aliniletea 45 anashangilia kumbe ni nanomoli, iko chini. Hiyo 9 yako naamini ilikuwa nanogramu. Na ihakikishwe ni 25-haidroksi, ndo inayoonyesha akiba, ile 1,25 inaweza kuwa juu na akiba huna.

Mzee_Kilindini
Nyie vijana mnatesa watu na masindano. Sisi bandarini tulikuwa tunabeba magunia jua la Machi, kigimbi kikikaza unakunywa madafu mawili, unalamba chumvi unaendelea. Huyo mama anywe madafu asubuhi na jioni na mamake pia ampe, vitamini zote ziko humo.

nesi_wa_zamu
Mzee wangu shikamoo. Ya chumvi ulikuwa sahihi kuliko ya madafu 😄 Jasho hutoa sodiamu zaidi, na dafu lina potasiamu nyingi sodiamu kidogo. Ndo maana ile dawa ya WHO ya kunywesha mtu anayeharisha tangu 2002 ina sodiamu milimoli 75 kwa lita na potasiamu 20 tu, pamoja na glukosi ya kuisukuma ndani. Kwa mtu mwenye afya dafu ni tamu na halina neno. Lakini kwa mamake Mama Zuu tafadhali asimpe asubuhi na jioni kabla UEC haijatoka. Mtu wa presha mwenye figo zilizochoka, anameza losartani ama spironolaktoni, ukimwongezea madafu na ile chumvi mbadala ya dukani yenye potasiamu nyingi, hapo unamjengea shida. Wodini tumeshawapokea, mtu hana dalili nyengine ila miguu haina nguvu.

Na kwa Mama Zuu, usianze vidonge vya madini ya chuma kwa sababu hemogramu imesema chembe nyekundu za damu ni ndogo. Huku Pwani watu wengi wana alfa thalasemia ndogo, hali ya damu ya kurithi, chembe zake ni ndogo maisha yote na chuma kiko tele. Feritini ndo huwatenganisha.

MamaZuu_Kisauni
Mashallah nimepata shule ya bure. Sasa siku ya kwenda kupima nifanyeje, nifunge? Na kuna vidonge vya nywele na kucha nlipewa na jirani nameza kila siku, nivitaje?

vichupa_na_sirinji
Uvitaje? Hivyo ndo uvitaje kabla ya kitu chochote! Soma kopo, vingi vya nywele na kucha vina biotini nyingi, ile vitamini B7, na biotini huchanganya mashine zetu. TSH inaweza kutoka uongo, vitamini D uongo, na hata kipimo cha moyo cha troponini, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo 2017. Viache siku mbili tatu, kama dozi ni kubwa basi zaidi ya hapo, muulize daktari. Vidonge vya chuma ukiwa navyo navyo vyataka kuachwa kama kutapimwa chuma chenyewe. Metfomini usiiache kwa ajili ya kipimo, na sindano ya B12 usichomwe kabla.

Kufunga si lazima kwa B12 wala UEC wala HbA1c, ila zinki na chuma hupendeza kupimwa asubuhi kabla hujala. Maji kunywa. Mkono usiukunje ngumi na kuufungua mara mbili mbili eti mshipa utokeze, hiyo hupandisha potasiamu. Na akikutoa kwa sirinji kwa nguvu chembe hupasuka, potasiamu iliyokuwa ndani ya chembe inamwagika, na karibu yote huwa humo ndani, kwa hivo ikimwagika kidogo tu majibu yanaharibika.

Ukiona anamimina damu kutoka kichupa cha kifuniko cha zambarau kwenda chengine mwambie asimame. Kile cha zambarau kina dawa ya kuzuia kuganda ambayo ina potasiamu na inashika kalsiamu. Matone machache tu, potasiamu inaruka na kalsiamu inaanguka, mgonjwa anakimbizwa dharura bure.

KijanaWaTudor
Duh sikujua hata rangi za vifuniko zina maana, mimi nlidhani ni urembo

MamaZuu_Kisauni
Wadau nimerudi. Dakta alinisikiliza akakata ile orodha ikabaki hemogramu, feritini, B12, TSH, HbA1c na UEC, bei haikufika hata nusu ya pakeji. B12 ni 164, feritini 11. TSH safi. Nimeanzishwa sindano za B12 na vidonge vya chuma, nimekatazwa kuvimeza na chai ya maziwa, na napelekwa kwa dakta wa kina mama aangalie hiyo hedhi.

Lakini mamangu UEC yake imetoka leo mchana potasiamu 6.2, na chini wameandika sampuli imehemolaizi. Nesi moyo unanienda mbio, nifanye nini?

nesi_wa_zamu
Kuhemolaizi ndo zile chembe kupasuka alizosema mwenzangu, huenda namba si ya ukweli. Lakini huenda ni ya ukweli pia, kwa hivo haingojei Jumatatu. Mpeleke sasa hivi hospitali yenye dharura irudiwe na apigwe ECG ya moyo. Chukua dawa zake zote mfukoni uwaonyeshe. Akisema kifua, ama miguu haina nguvu, ama moyo unaruka, msisubiri foleni mwambieni wa mlangoni.

MamaZuu_Kisauni
Tuko hospitali ya Makadara, imerudiwa. 4.7 na ECG haina neno. Alhamdulillahi. Sasa yeye mwenyewe anauliza kama anaruhusiwa dafu maana mzee wa hapa juu kampa moyo 😂

nesi_wa_zamu
Alhamdulillahi. Kreatinini yake ilikuwa ngapi, na presha anatumia dawa gani? Nitajie hizo kwanza kabla sijamruhusu mtu dafu.